Eksirei ya Tope

Miaka thelathini na mmoja, hospitalini Rovigo,
nilipiga picha vifua vya watu.
Vuta pumzi. Izuie. Haya, toa.
Sasa nimestaafu, napiga picha tope,
nalo halina pumzi ya kuzuia,
ama ndivyo nilivyodhani.

Zennaro hulileta kutoka melini
ndani ya vibweta vyembamba kama vitabu vya sala,
limekatwa wima kwenye sakafu ya bahari,
mita ishirini chini, mkabala na mdomo wa Po.
Huliweka mezani kama muuza jibini:
"Signora Marangon, hili la Desemba."

La Desemba lilikuwa safi.
Utando juu ya utando, mweupe, wa kijivu, mweupe,
kama mto ulivyotapika usiku ule wa Novemba:
hapa maji yalipanda,
hapa yalituliza roho kidogo,
hapa tuta lilikatika kule kwetu
na shamba la mahindi la kaka yangu likaondoka bila kuaga.
Sentimita kumi na mbili.
Nilizipima kwa rula ile ile
niliyopimia mioyo iliyotanuka.

La Machi, nikadhani filamu imeharibika.
Nyuzi nyeusi juu, nyingi, fupi:
minyoo, wembamba kuliko uzi wa kushonea,
wa kwanza kufika
kama majirani wanaokuja na ndoo
kabla hujajua umepoteza nini.
Wanazamisha kichwa, wanakula ya jana,
wanainya juu ya leo.
Ndiyo kazi yao yote.
Sikucheka.

La Agosti lilikuwa na shimo nene kama kidole gumba,
likashuka, likapinda, likafungua chumba,
kutoka chumbani likashuka tena.
Kamba mchimbaji, akasema Zennaro.
Mchimba kisima huyu ameingia mwenyewe
na amehamia kabisa.
Tando kumi na tisa nilizohesabu Desemba,
zilisalia nne.
Zingine zimekorogwa, uji,
shamba la Ottorino limechanganyika na shamba la kila mtu.

Daktari Tiozzo, kijana, mwenye pete ya pua,
alinieleza kuhusu madini yanayoanguka na mvua,
yanayopungua nusu kila siku hamsini na tatu;
kwa hayo hulijua tope lililokuja juzi.
"Tukichelewa miezi sita," akasema,
"mvua inakuwa imesahaulika hata kwa mashine."

Nikafikiria mlango wa jikoni.
Baba alikwangua mstari kwa msumari,
maji yalipofika mwaka wa hamsini na moja,
juu kidogo ya kichwa changu cha miaka mitano.
Ottorino aliupaka rangi ya kijani.
Sikumsemesha misimu miwili ya mavuno.

Jana tulipasua kibweta.
Chini kabisa, chini ya koroga yote ya kamba na minyoo,
kuna utando mmoja, mnyoofu, haujaguswa.
Wa mafuriko gani, hatujui bado.
Tunachojua ni kwamba tope jingine liliufunika upesi,
nene,
kabla wachimbaji hawajaufikia.
Haukusalimika kwa kutunzwa.

Na kando ya shimo la kamba
tope jeusi limegeuka rangi ya kutu.
"Amelipa hewa," akasema Tiozzo.
Hupepea maji kwa miguu ya tumboni, usiku na mchana,
na hewa hushuka mahali ambapo haikuwahi kufika.
Kwa hiyo lilikuwa na pumzi.
Nililiangalia kwa muda mrefu.
Vuta, nikaliambia. Usizuie.

Usiku nikampigia Ottorino.
Nikamuuliza ule mlango aliupaka mara ngapi.
Akanyamaza, kisha akasema mbili,
ya tatu rangi ilimwishia.
Ulikuwa rangi nzito?
Nzito, ya mashua.
"Unataka niikwangue?"
Nikasikia kisu cha kumenyea viazi kikiwekwa mezani.
Hapana, nikasema. Iache.
Nitakuja Jumapili, nipapase tu.